Namna ya kuchagua moto ya okazyo kwa kubeba mtu nyuma



Kama mlivyosikia pa mkutano wa asubuhi, shule yetu inataka kununua moto. Haitakuwa mpya, maana feza tuliyochanga haifiki kwa mpya. Itakuwa moto ya okazyo, na kazi yake ya kwanza itakuwa kumfikisha mwanafunzi mgonjwa ku hospitali wakati gari haipatikani. Bwana Prefe aliweka watu wanne katika kamati ya kuichagua. Mimi ni mmoja wao kwa sababu ni doyen wa wanafunzi, si kwa sababu ni mekanisiye. Tangu siku ile naulizwa maulizo mengi njiani, mezani, hata usiku ndani ya dortwari. Mtanunua TVS ao Bajaj? Ao mtatafuta Yamaha ya zamani kama zile za wamisionere? Itakimbia kilometa ngapi?

Maulizo yote ni juu ya moteri na juu ya mwendo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: na yule atakayekaa nyuma? Kumbe moto hii tunainunua kwa ajili yake. Ndiyo sababu nimemwomba mwalimu anayesimamia gazeti letu anipe nafasi nifasirie jambo hili.

Nyumbani kwetu tulijifunza kwa hasara. Baba yangu ni mchungaji. Miaka mitatu iliyopita alipata moto ya okazyo, akaita mafundi wawili waitazame. Walisikiliza moteri, wakasema iko sawa, haina kelele. Baba akaipanda peke yake, akazunguka uwanja wa kanisa mara mbili, akalipa. Mafundi wale hawakumdanganya, moteri ile inatembea mpaka leo. Lakini juma la pili alimbeba mama kwenda kutembelea wamama wa kanisa la jirani. Katika mteremko pine ya nyuma ikatoa upepo mara moja, moto ikacheza kama nyoka, mama akaangukia upande wa kushoto na mfupa karibu na bega ukavunjika. Miezi miwili hakuinua sufuria. Nyuma ya ile, fundi wa tatu alituonyesha kwamba pine ilikuwa ya moto ndogo zaidi, haikutengenezwa kwa uzito wa watu wawili, na amortisa ya kushoto haikubaki na mafuta ndani hata tone. Kwa mtu mmoja vitu hivi vilivumilia. Kwa wawili vilikataa.

Basi neno langu ni hili: moto ya watu wawili ijaribiwe na watu wawili, mbele ya kulipa. Na yule wa nyuma awe na haki ya kusema hapana.

Kwa nini nyuma inaumia hivi? Tufanye hesabu kidogo, na wale wa Math-Physique wanisahihishe. Kwa moto ndogo zinazotembea kwetu, toka ekseli ya mbele mpaka ekseli ya nyuma ni karibu sentimita 125. Dereva anakaa karibu sentimita 45 mbele ya ekseli ya nyuma. Abiria anakaa sentimita 12 tu mbele yake, na kama ana kiuno kikubwa anakaa juu yake kabisa. Mnakumbuka somo la nyenzo. Dereva wa kilo 70 anaweka karibu kilo 45 nyuma na kilo 25 mbele. Abiria wa kilo 70 anaweka kilo 63 nyuma na kilo 7 tu mbele. Moto yenyewe, tuseme ina kilo 115, inaweka kama 60 nyuma na 55 mbele. Jumlisha: dereva akiwa peke yake, gurudumu la nyuma linabeba kilo 105. Abiria akipanda, linabeba karibu 170. Na la mbele? Lilikuwa na 80, sasa lina 87. Karibu halikusikia kwamba mtu amepanda. Tena kwa mlima uzito unarudi nyuma zaidi, na gido inakuwa nyepesi mikononi kama ya kinga ya mtoto.

Mwenye kuuzisha moto anajua hesabu hii, hata kama hakusoma. Anaosha moteri mpaka inang'aa, anaweka plastike mpya juu ya tanki, na nyuma anaacha vile ilivyo. Sisi tuanzie pale.

Pine kwanza. Watu wanatazama kama meno yake bado marefu, na ni vizuri, lakini haitoshi. Tazama ubavu wake. Kwa mfano utasoma 3.00-18, halafu namba ndogo ya tarakimu mbili na herufi moja. Namba ile ndogo inaonyesha uzito ambao pine inaruhusiwa kubeba. Namba 42 ni kilo 150. Namba 52 ni kilo 200. Namba 57 ni kilo 230. Rudieni hesabu yetu ya kilo 170, mtaona mara moja nini kilimwangusha mama yangu: pine ya 42 inapita vizuri kabisa na mtu mmoja, na inazidiwa na wawili mbele hata ya kuweka mfuko wa unga. Pine nyingine hazina namba hii, zimeandikwa 4PR ao 6PR tu. Hapo kwa kazi yetu twende na 6PR, ndiyo yenye nguvu zaidi.

Kuna pia tarakimu nne zinazofuatana ndani ya kiduara kirefu. Ni tarehe ya kuzaliwa. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Pine inaweza kuwa na meno yote na ikawa mzee, mpira umekauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi. Ikunjeni kwa kidole, nyufa zitajionyesha.

Na upepo. Kitabu cha moto nyingi ndogo za India kinaomba karibu kilo 2 za upepo nyuma kwa mtu mmoja, na zaidi kidogo, 2.2 ao 2.3, kwa watu wawili. Wamotari wengi wa kwetu wanapima kwa kupiga teke. Sitaki kuwadharau, wanatulisha njiani na wanatufikisha, lakini mguu hauna namba.

Sasa amortisa. Dereva na abiria wakae, halafu wasimame pamoja. Nyuma inapaswa kupanda na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka tena, mafuta ya ndani yamekwisha na mmebaki na springi tupu. Pitisha kidole juu ya chuma chembamba kinachoingia ndani ya amortisa. Ukipata mafuta yenye vumbi, imepasuka mdomo. Kuna tena ujanja mmoja ambao fundi wa tatu alitufundisha. Chini ya springi kuna pete yenye ngazi, ya kukaza ao kulegeza. Kwa mtu mmoja inawekwa ngazi ya chini, kwa wawili inapandishwa. Kama unakuta moto imesimama pa kuuzishwa, hakuna mtu juu yake, na pete iko kwa ngazi ya mwisho juu, uliza sababu. Mara nyingi springi zimechoka, na mwenyewe anazisaidia zisionekane zimelala. Kwa ngazi gani utakwenda siku abiria atakapopanda?

Mtu mmoja aikamate moto isimame juu ya mguu wa katikati, mwingine ashike gurudumu la nyuma kwa mikono miwili na kulisukuma kushoto na kuume. Ikilia "tok, tok", mishipi ya mkono wa nyuma, ndiyo mabushi, imekwisha ao ekseli ina nafasi. Kwa mwendo mdogo na mtu mmoja huwezi kujua. Kwa wawili kwenye kona utasikia kama nyuma inataka kukupita. Vilevile mbele: gurudumu likiwa hewani, vuta forshi kwako na kuisukuma. Halafu geuza gido polepole toka upande mpaka upande. Ikinasa kidogo pale katikati, bili za gido zimechimba shimo lao.

Gurudumu likiwa bado hewani, chukua bisibisi ndogo na kupiga rayo moja moja, kama mwalimu wa kwaya anavyotafuta sauti. Zote zilie karibu sauti moja. Ile inayolia kama kijiko juu ya mti, imelegea, na jirani zake ndio wanabeba mzigo wake. Rayo za nyuma ndizo zinazokatika, kwa hesabu ile ile ya kilo 170. Moto za rimu ya kipande kimoja hazina taabu hii, lakini rimu ile ikipinda kwa jiwe, kuinyosha si kazi ya kila garaji.

Sheni inataka uvumilivu. Moto nyingi za India zinaifunika ndani ya sanduku la bati, na ni vizuri kwa vumbi yetu, lakini sanduku linaficha mambo. Ombeni lifunguliwe. Mwenye kuuzisha akikataa kufungua misumari minne, tumekwisha kupata jibu. Shika sheni pale nyuma kabisa ya gurudumu la meno na kuivuta nyuma. Ikitoka mpaka uone nusu ya jino, imenyooka, haifai. Tazama meno yenyewe: yakiwa yamelala upande mmoja kama ndoana ya samaki, ni kununua sheni na magurudumu yote mawili ya meno kwa pamoja, maana sheni mpya juu ya meno ya zamani haimalizi miezi. Tena, kaza ya sheni ipimwe watu wawili wakiwa wamekaa. Nyuma ikilala, sheni inakazika. Ile iliyoonekana nzuri moto ikiwa tupu inaweza kuwa ngumu kama waya wa gita abiria akipanda, nayo inakula bili za moteri bila mtu kujua.

Sasa nije kwa kiti, mahali ambapo mama yangu alitushinda sote.

Nyuma ya kupona, alimwambia baba: "Safari hii tunakwenda wote wawili." Akavaa kitenge chake cha Jumapili, maana ndivyo atakavyovaa safari. Moto ya kwanza alikaa, baba akatembea mita mia mbili, akarudi. Mama akasema tu, "Hii inanirusha." Amortisa. Moto ya pili ilikuwa nzuri ya macho, na baba alikuwa amekwisha kushika mfuko. Mama akauliza, "Na miguu yangu naweka wapi?" Tukatazama: chuma cha kukanyagia cha upande mmoja kimepinda, cha pili hakina mpira, na kile kifuniko cha kuzuia joto juu ya bomba la moshi kimetoka. Wengi wetu tuna kovu lile ndani ya mguu wa kuume, si lazima nifasirie. Mwenye kuuzisha akacheka, akasema ni vitu vidogo. Mama akajibu, "Ni vidogo kwako, wewe unakaa mbele."

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulijua. Katika India wanawake wengi wanakaa upande mmoja nyuma ya moto, wamevaa sari, nguo ndefu kama kitenge chetu ao kuzidi. Nguo ikiingia ndani ya rayo, mtu anavutwa chini. Kwa hiyo kanuni za nchi ile za mwaka 1989 zinaomba kila moto iwe na mahali pa mkono pa abiria, na mahali pa miguu, na kitu cha kufunika gurudumu la nyuma lisile nguo. Ile vyuma ya kushoto karibu na gurudumu, ambayo vijana wa kwetu wanaitoa ili moto ipendeze, haikuwekwa kwa urembo. Moto ya tatu ilikuwa nayo. Mama aliishika kwa mkono, akaitikisa, akasema, "Hii inanifikiri." Tukanunua ile, na ilikuwa mbaya zaidi ya zote kwa rangi.

Inueni kiti pia. Chini yake, pale chuma cha nyuma kinapobeba kiti na mzigo, tafuteni alama ya kuchomelea na rangi mpya mahali pamoja tu. Moto iliyobeba mifuko ya makala miaka mingi inapasuka pale. Kwa moto fulani za zamani vyuma vya miguu ya abiria vimefungwa juu ya mkono wa nyuma wenyewe, na hapo kila shimo la njia linapiga magoti yake. Kwa mgonjwa hiyo hapana.

Mtaniambia: na moteri? Ndiyo, na moteri. Mfike asubuhi bila kuita mbele, mguse silinda kwa mkono. Ikiwa na joto, mwenyewe ameiamsha mbele yenu, na moto inayokataa kuamka baridi inakuwa ya adabu ikiwa na joto. Moshi wa bluu kwa moteri ya nyakati nne ni mafuta yanayochomeka ndani, segma ao valvu zimechoka. Kwa moteri ya nyakati mbili moshi kidogo ni tabia yake, msiogope. Lakini kipimo cha kweli ni mlima, na watu wawili juu. Hapa upande wa Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri ya karburatere inapoteza karibu sehemu moja kwa saba ya nguvu zake mbele hata ya kuanza. Moteri inayoimba vizuri uwanjani inaweza kulia mlimani. Na ambreyaji haijulikani mahali pengine: panda mlima na vitesi ya tatu, fungua gazi. Kama sauti ya moteri inapanda na moto haipandi, diski zimekwisha, zinateleza. Kwa mtu mmoja uwanjani hazitateleza kamwe.

Nimefika kwa freni, na hapa nawaomba msichoke.

Wale wa kwetu wanaopita Ngomo wanajua barabara ile inavyoshuka toka Nyangezi kwenda Kamanyola. Tuseme tunashuka mita 500 tu. Moto ya kilo 115 na watu wawili wa kilo 70 ni kilo 255. Zidisha kwa 9.8 na kwa 500: ni joule 1,249,500. Nguvu hizi zote zitakwenda wapi? Hewa itachukua sehemu, moteri sehemu, na inayobaki yote ni joto ndani ya freni. Kama ingekwenda yote katika maji ya digri 20, ingechemsha karibu litre 3.7. Dereva akiwa peke yake ni litre 2.7. Yaani abiria analeta litre nzima ya maji ya kuchemka, na freni ya tambure ya nyuma ni kitu cha ukubwa wa sahani ya chai. Ikipata joto sana, unakanyaga na haishiki, na unakanyaga tena.

Kwa hiyo tazameni mkono mdogo pale pembeni ya tambure. Moto nyingi zina mshale pale na alama ya mwisho. Kanyaga freni: mshale ukifika kwa alama, viatu vya freni vimekwisha. Halafu watu wawili wapande, wakimbie mpaka kilometa 30, wasimame pa mahali palipowekwa jiwe. Fanyeni hivyo mara tano zikifuatana bila kupumzika. Ya kwanza itakuwa nzuri kwa moto zote. Tazameni ya tano.

Hapo ndipo naweza kujibu ulizo la TVS ao Yamaha. Yamaha AG100, ile ya wamisionere, ilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji na wakulima; ni ya nyakati mbili, sheni imefunikwa yote, ina mguu wa kusimamia kila upande, na inavumilia mateso. Mimi naiheshimu sana. Lakini ina kiti cha mtu mmoja, na nyuma ni porte-bagaje ya chuma. Abiria anakaa pale mahali pa jerikani. Tena moteri ya nyakati mbili inasaidia freni kidogo tu katika mteremko, na ukifunga gazi kwa muda mrefu mafuta yanayoingia kulainisha silinda yanapungua. Yamaha DT ina kiti kirefu, lakini ni ndefu kwenda juu, na mwenye homa hatapanda bila kuinuliwa. Kwa kubeba mtu kwa milima yetu, moto ya kawaida ya nyakati nne, kama TVS HLX ao Bajaj Boxer, yenye kiti kirefu na cha chini, inashinda. Si kwa sababu ni imara kuliko Yamaha. Ni kwa sababu ilifikiriwa kwa watu wawili tangu mwanzo, na vipande vyake vinapatikana katika kila soko.

Kijana mmoja wa kalasi ya tano alinionyesha picha ya Honda ST1100, akauliza kwa nini tusitafute ile. Naijua kwa vitabu tu. Ilitoka mwaka 1990, moteri ya silinda nne, tanki ya litre 28, haina sheni bali kardan, uzito karibu kilo 300. Ni moto ya Ulaya ya safari ndefu ya mume na mke kwa barabara ya lami, na wanunuzi wake wa okazyo wanauliza maulizo yale yale tunayouliza sisi: kiti cha nyuma, amortisa, namba ya pine. Lakini ikilala ndani ya tope, ni nani ataisimamisha? Na pine yake nani anauzisha hapa? Nilimrudishia picha.

Jambo la umri sasa. Watu wanaogopa moto ya miaka kumi. Mimi naogopa zaidi moto ya miaka miwili isiyopakwa mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwana-mashindano wa moto wa Marekani, Randy Mamola, alikwenda Somalia pamoja na Waingereza fulani wenye kusaidia watoto, wakakuta moto za kazi ya afya zimelala bure, si kwa uzee, ila kwa kukosa matunzo madogo. Toka pale kulizaliwa shirika la Riders for Health, na mwaka 1991 lilianza katika Lesotho kuwafundisha watu wa afya kutazama moto yao kila siku mbele ya kuondoka. Kwa hiyo mwulizeni mwenye kuuzisha: nani anabadilisha mafuta yako, na siku gani ya mwisho? Mwenye kutunza anajibu bila kufikiri, na mara nyingine anatoa kidaftari.

Juu ya karatasi sitaandika mengi. Namba iliyogongwa kwa shingo ya moto iwe sawa na ile ya karte roze, na ile ya moteri vilevile. Ikikwaruzwa, tuache moto na twende.

Kumebaki jambo moja gumu, na nililisema pia mbele ya Bwana Prefe. Moto hii si ambulansi. Uzito unaoruhusiwa kwa moto ndogo nyingi, dereva na abiria na mzigo kwa pamoja, ni kati ya kilo 130 na 180. Najua kwamba njiani tunaona watu watatu na mbuzi. Lakini mgonjwa asiyeweza kujishika anahitaji mtu wa tatu wa kumshika toka nyuma, na hapo hesabu yote niliyoandika inavunjika: pine, freni, vyote. Tena yule wa tatu anakaa nyuma ya ekseli kabisa. Nilipendekeza kwamba mgonjwa anayeweza kukaa na kushika abebwe na moto, na asiyeweza angojewe gari, hata kama ni usiku na hata kama tutalipa deni. Kamati haijamaliza kukubaliana juu ya neno hili. Mwenye mawazo alete kwangu ao kwa mwalimu wa zamu, kwa maandiko.

Siku ya Posho, nyuma ya salongo, kamati itakwenda kutazama moto tatu. Tunahitaji mwanafunzi mmoja wa kilo kati ya 60 na 70 wa kukaa nyuma, na msichana mmoja atakayevaa kitenge na kukaa kwa upande. Kilo itapimwa pa dispansere siku ya Ijumaa saa kumi. Wasioogopa mlima waandike jina kwa mlango wa biro ya diresio. Kaske tunazo mbili.